Mbosso na mzigo wa kusimama jukwaani peke yake

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

JANUARI 2018 lebo ya muziki ya Wasafi (WCB) ilimtambulisha rasmi kijana kutoka Kibiti mkoani Pwani, Mbwana Yusuf Kilungi, kwa jina la Mbosso. Wimbo uliomfungulia mlango uliitwa Watakubali. Ni wimbo wa mapenzi, kama zilivyo nyimbo nyingi za msanii huyo, lakini jina lake lingeweza kabisa kuwa jina la sura moja ya maisha yake. Kitenzi hicho kiko katika wakati ujao. Hakisemi wamekubali, wala wanakubali. Kinasema watakubali, siku ambayo kwa mwimbaji bado haijafika.

Jambo la kushangaza ni kwamba aliyekuwa akisubiri kukubaliwa hakuwa mgeni masikioni mwa watu. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo alikuwa mmoja wa waimbaji wanne wa Yamoto Band, akiitwa Maromboso, na nyimbo za bendi hiyo zilisikika kuanzia kwenye daladala za Mbagala Rangi Tatu hadi kwenye kumbi za harusi za Kinondoni. Msomaji anaweza kuuliza: mtu aliyekwisha kupendwa na mji mzima alipungukiwa nini hata ajitokeze upya kama mtahiniwa?

Jibu, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ni kwamba kujiamini kwa mwanamuziki si mali anayoiweka mfukoni mwake. Kwa sehemu kubwa ni amana iliyoshikwa na watu wengine: wenzake wa kundi, meneja wake na hadhira yake. Siku watu hao wanapoondoka, wanaondoka nayo. Sauti hubaki ileile ya jana, ila mwenye sauti haiamini tena.

Watoto wa Mkubwa

Historia ya Mbosso kimuziki inaanzia Temeke, wilaya ambayo kwa miaka mingi imezalisha wasanii wengi kuliko ilivyo na majukwaa ya kuwapandisha. Hapa ndipo alipochomoza Juma Nature, na hapa ndipo lilipojengwa kundi la TMK Wanaume kabla ya kugawanyika mwaka 2006, Nature akaenda na Wanaume Halisi huku Mheshimiwa Temba na Chege wakibaki Wanaume Family.

Meneja aliyekuwa nyuma ya Wanaume Family, Said Fella, ndiye aliyeanzisha kituo cha kukuza vipaji cha Mkubwa na Wanawe. Fella baadaye aligombea udiwani kupitia CCM na mwaka 2015 akawa diwani wa Kata ya Kilungule, Mbagala. Jina la kituo chake linaeleza mengi kuhusu namna kilivyoendeshwa. Aliyeingia pale hakuingia kama mfanyakazi aliyeajiriwa, aliingia kama mtoto kwenye nyumba ya baba. Mkubwa ndiye mwenye kujua nani arekodi, lini, na nani asubiri. Mtoto akikemewa hakemewi na ulimwengu, anakemewa na mzee wake, na jioni wanakula sahani moja.

Kituo hicho ndicho kilichomtoa Aslay Isihaka, ambaye tangu mwaka 2011 alikuwa akijulikana kama Dogo Aslay kwa sababu ya umri wake. Baadaye Aslay akaunganishwa na Maromboso, Enock Bella na Beka, ambaye siku hizi anaitwa Beka Flavour, ndipo Yamoto Band ikazaliwa. Nyimbo kama Niseme, Nitakupwelepweta na Cheza kwa Madoido ziliwafanya vijana hao wanne kuwa gumzo katikati ya muongo uliopita.

Mtu aliyewasikiliza kwa makini atakumbuka jinsi kazi ilivyogawanywa. Aslay alibeba sehemu za juu zenye kulia. Enock alishuka chini kwa sauti nzito ambayo wasikilizaji waliisubiri kama watoto wanavyosubiri ngoma ya pili. Maromboso na Beka walijaza katikati kwa sauti laini. Kila mmoja alikuwa na mistari michache, kisha anampisha mwenzake, na kwenye kiitikio wote wanne waliimba kwa pamoja.

Mpangilio huo una faida ambayo shabiki haioni. Mwimbaji wa kundi hapimwi peke yake. Akiteleza kwenye mstari mmoja, watatu wanamfunika kabla hadhira haijageuka kutazamana. Wimbo ukipondwa, lawama hugawanywa kwa nne. Hata usiku, baada ya onyesho, kuna mtu wa kumuuliza kama kweli sauti ilikwaruza au ni masikio yake tu. Kwa msanii mchanga hiyo ni bima kubwa, na kama ilivyo kwa bima nyingi, thamani yake huonekana siku inapokatika.

Hadhira ya Mbagala

Hapa inafaa kusema neno kuhusu hadhira iliyowalea. Mbagala ni eneo kubwa lililotandaa pande mbili za Barabara ya Kilwa, kutoka Mtoni kuelekea Kizuiani, Zakhem na Rangi Tatu, na linaendelea kupanuka kuelekea Chamazi na Kongowe. Ni eneo la watu waliohamia mjini na watoto wao waliozaliwa humo, la vigodoro vya usiku kucha na singeli inayopigwa kwa kasi ya kumtoa mtu jasho akiwa amekaa.

Mwaka 2010 Diamond Platnumz, ambaye yeye mwenyewe alikulia Tandale upande wa Kinondoni, alitoa wimbo ulioitwa Mbagala kuhusu kijana asiye na kitu anayempenda msichana. Tangu hapo jina la mtaa huo likapata maana nyingine katika Bongo Fleva, ya mtu anayetoka mbali na asiye na uhakika kama atakaribishwa. Wakazi wa Mbagala wanaweza kuwa na maneno yao juu ya hilo, maana eneo lenyewe lina maghorofa na viwanda kama kwingine.

Pale Zakhem upo ukumbi wa Dar Live, uliojengwa na kampuni ya Global Publishers, wachapishaji wa magazeti ya burudani na udaku. Ni nadra kukuta jukwaa na kalamu ya kumjadili aliyepanda jukwaani vikiwa vya mwenye mali mmoja, lakini ndivyo ilivyokuwa. Wasanii wakubwa wa muongo uliopita walipita hapo, hasa siku za sikukuu.

Kwa hadhira ya namna hii hakuna siri. Ikikupenda, inapanda hadi jukwaani na noti mkononi ikutuze. Ikichoka, inakugeuzia mgongo na kununua soda. Ikichukia, inazomea. Ukali wake ni wa muda mfupi na unaonekana kwa macho, kwa hiyo msanii anajua ni nani aliyezomea, ni wangapi, na kwamba saa nane za usiku watakuwa wamekwenda kulala.

Siku bendi ilipokwisha

Ilipofika mwaka 2017 Yamoto Band ilikuwa imesambaratika. Aslay alijibu kwa kazi. Katika mwaka huo mmoja alitoa nyimbo mfululizo, zikiwamo Angekuona, Usiitie Doa, Pusha na Natamba, kwa kasi iliyowafanya watangazaji washindwe kujua wapige upi. Beka Flavour naye alipata nafasi yake kwa Libebe na Sikinai.

Mbosso alichukua njia nyingine. Kwa maelezo ambayo amewahi kuyatoa mwenyewe, baada ya bendi kuvunjika alikata tamaa ya muziki na kurudi kwao Kibiti kulima. Hilo ni jambo zito kuliko linavyosikika. Kijana aliyekuwa akishangiliwa na maelfu anashika jembe mbele ya watu wa kijijini ambao redio zao zinaendelea kupiga sauti yake, na anaamini kwamba sauti hiyo haitoshi. Hakukuwa na shutuma mpya iliyomfikia. Hakuna aliyemwambia hajui kuimba. Kilichobadilika ni kwamba wale watatu waliokuwa wakimthibitishia kuwa anajua hawakuwapo tena pembeni yake, na ushahidi pekee uliobaki, yaani mafanikio ya bendi, aliweza kuugawa kwa nne na kumalizia kwamba fungu lake lilikuwa dogo.

Hali hiyo wataalamu wa saikolojia waliipa jina zamani. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, walichapisha makala kuhusu zaidi ya wanawake 150 waliofanikiwa katika masomo na kazi, ambao licha ya vyeti na sifa zao waliishi na hofu ya kugunduliwa kuwa si lolote. Kila ushindi waliupa sababu nyingine, kama bahati, makosa ya waliowasahihisha au huruma ya watu. Kila pengo walilihesabu kuwa ni la kwao. Utafiti uliofuata ulikuta hali hiyo kwa wanaume pia, na si vigumu kuona kwa nini inawashika wanamuziki. Daktari ana cheti ukutani. Mwimbaji ana makofi, na makofi hayatundikwi ukutani.

Kwa nini tusi moja linashinda sifa kumi

Mashabiki wengi hushangaa msanii anapolalamikia maneno ya watu wachache. Wanasema ana wapenzi mamilioni, kwa nini ahangaike na wanaombeza? Swali hilo lina mantiki, ila akili ya binadamu haihesabu hivyo. Mwaka 2001 mtafiti Roy Baumeister na wenzake watatu walikusanya matokeo ya tafiti nyingi za awali kuhusu ndoa, malezi, kazi na kumbukumbu, wakaonyesha kwamba karibu kila mahali jambo baya huwa na nguvu kuliko jema la ukubwa uleule. Tusi hukumbukwa kwa muda mrefu zaidi kuliko sifa, na huchambuliwa kwa undani zaidi. Pengine ni urithi wa mababu: aliyesahau tunda tamu alipoteza chakula cha siku moja, lakini aliyesahau nyoka hakupata nafasi ya pili.

Kwa mwimbaji madhara hayaishii kichwani. Mtu anapohisi yuko hatarini mwili humwaga homoni ya adrenalini. Moyo huenda mbio, mate hukauka, misuli ya shingo na koo hukaza, na pumzi ambayo ingetoka tumboni hupanda juu kifuani na kuwa fupi. Nyuzi za sauti, ambazo ni misuli na ngozi laini tu, hukaza pamoja na vyote hivyo. Noti ya juu inayotoka bila shida studio inakataa jukwaani, au inatoka imetetemeka. Hadhira inasikia mtetemo na kusema huyu hawezi kuimba laivu. Msanii anasikia maneno hayo, na safari ijayo anapanda akiwa na hofu kubwa zaidi. Ni mzunguko unaojilisha wenyewe.

Hii ni sababu mojawapo inayowafanya wasanii wetu wengi waegemee kuimba kwa kufuatisha CD, jambo ambalo huwaletea lawama nyingine. Wakosoaji huliita uvivu. Wakati mwingine ni uvivu kweli, na gharama za bendi nazo si haba, lakini mara nyingine ni mtu anayejificha nyuma ya sauti yake mwenyewe aliyoirekodi siku alipokuwa hana hofu.

Kejeli ni za kale

Isidhaniwe kwamba kuwakejeli waimbaji kumeletwa na simu. Mwimbaji wa kwanza wa Kiswahili kuwa nyota wa sahani za santuri, Siti binti Saad, alizaliwa Fumba, Unguja, miaka ya 1880 katika ufukara, na kabla ya umaarufu alikuwa akiuza vyungu. Alipopanda hadhi mjini, mahasimu wake walimtungia wimbo wa kumkumbusha kaniki aliyokuja nayo kutoka shamba na kumuuliza alikuwa mtu tangu lini. Hakuwa na sura iliyosifiwa, na walilisema hilo pia. Siti alijibu kwa wimbo wake, akishikilia kwamba uzuri wa sura si kitu mbele ya akili na tabia njema. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi sahani, akarudi jina lake likiwa limeenea pwani nzima. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, heshima ambayo hakuna hata mmoja wa waliomkejeli aliyeipata.

Miaka ya 1990 desturi hiyo ilirudi kwa nguvu Dar es Salaam kupitia mipasho, wakati Khadija Kopa wa Tanzania One Theatre (TOT) na Nasma Khamis 'Kidogo' wa Muungano walipokuwa wakirushiana vijembe kwa nyimbo, kila mmoja akiwa na mashabiki wake waliokuja na vitenge vya sare na fedha za kutuza.

Tofauti ya zama hizo na hizi ni ya msingi. Siti alirushiwa kejeli kwa wimbo akajibu kwa wimbo. Kopa na Nasma walijua kijembe kimetoka kwa nani, kilitungwa kwa ustadi gani, na kwamba jukwaa la kujibia lipo wiki ijayo. Kejeli ilikuwa sehemu ya kazi, na aliyeitoa naye alilazimika kuwa fundi. Leo anayebeza hahitaji kutunga mstari wala kujulikana uso. Anaandika neno moja akiwa ndani ya daladala kwenye foleni ya Mtoni kwa Azizi Ali, na kabla hajashuka amekwisha kulisahau. Aliyeandikiwa analisoma usiku akiwa kitandani.

Timu na timu

Hali ilibadilika kabisa pale mashabiki walipojipanga kwa timu kwenye mitandao ya kijamii. Mwaka 2014 Alikiba alirejea na wimbo Mwana baada ya ukimya mrefu, na mara nchi ikagawanyika Timu Kiba na Timu Diamond kama Simba na Yanga. Mei mwaka huo Diamond alikuwa amenyakua tuzo 7 za Kili usiku mmoja. Oktoba, kwenye kilele cha tamasha la Fiesta katika viwanja vya Leaders, Kinondoni, alizomewa na sehemu ya watazamaji, wengine wakilitaja jina la mpinzani wake. Miezi mitano ilitosha kumtoa mtu kwenye tuzo 7 hadi kwenye kuzomewa nyumbani kwake, katika wilaya ileile alikokulia.

Diamond ni mmoja wa wachache walioweza kuigeuza zomeazomea kuwa biashara. Mwaka uliofuata alitwaa tuzo za MTV barani Afrika na Ulaya, na hata mwaka 2021, Watanzania wenzake waliposaini kwa maelfu waraka wa kutaka aondolewe kwenye tuzo za BET kwa sababu za kisiasa, jina lake lilibaki kwenye orodha, ingawa mshindi alikuwa Burna Boy wa Nigeria. Lakini ni makosa kumfanya kipimo cha wote. Mtu ambaye kwa simulizi yake mwenyewe aliuza pete ya mama yake ili apate fedha za studio alikwisha kuzoea kuweka kila kitu rehani mapema. Si kila mwenye sauti nzuri ana kifua cha namna hiyo, wala haipasi kuwa sharti.

Vanessa Mdee alikuwa na kila dalili ya kujiamini. Alitangaza MTV, alifahamika kote Afrika, na Januari 2018, mwezi uleule Mbosso alipotambulishwa, alitoa albamu ya Money Mondays. Mwaka 2020, katika kipindi chake cha sauti kwenye mtandao, alitangaza kuachana na muziki na kueleza jinsi alivyokuwa akihangaika na msongo wa mawazo na pombe huku nje akionekana anang'ara. Baadhi walimpongeza. Wengine, kwa ada ya mitandao, walimbeza kwa kusema hayo.

Jinsi jambo hili linavyoweza kufika mbali ilidhihirika Korea Kusini, ambako tasnia ya muziki huwachukua watoto wadogo na kuwalea kambini kwa miaka mingi, malezi ambayo mtu aliyepita Mkubwa na Wanawe angeyatambua kwa kiasi fulani, ingawa ya kule ni makali zaidi. Oktoba 2019 mwimbaji Sulli, aliyekuwa na umri wa miaka 25, alifariki dunia baada ya kuandamwa kwa muda mrefu na maneno ya chuki mtandaoni. Wiki sita baadaye alifariki rafiki yake na mwimbaji mwenzake, Goo Hara. Tovuti kubwa ya Daum ilifunga sehemu ya maoni kwenye habari za burudani mwezi huohuo wa Oktoba, na Naver ikafuata Machi 2020. Hatua hizo hazikumaliza tatizo, kwa kuwa wenye maneno walihamia kwingine, lakini angalau wenye tovuti walikiri kwamba nao walikuwa wameshika mpini.

Tanzania tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo kifungu chake cha 23 kinakataza unyanyasaji kupitia mtandao na kutaja faini isiyopungua Sh5 milioni au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Sheria hiyo ina wakosoaji wake kwa sababu nyingine, hasa zinazohusu uhuru wa maoni. Kwa suala letu, udhaifu wake ni wa kawaida zaidi. Kinachomwangusha msanii mara nyingi si kosa la jinai. Ni watu elfu tano ambao kila mmoja ameandika kwamba wimbo huu ni mbovu kuliko ule wa mwanzo, na kila mmoja ana haki ya kusema hivyo.

Kutoka kivuli hadi kivuli

Turudi kwa Mbosso. Kuingia kwake WCB kulimrudishia kile alichokipoteza Yamoto Band ilipokufa: nyumba yenye mkubwa na ndugu. Nadekezwa, Hodari na Tamba zilimthibitisha kama fundi wa nyimbo za mahaba, akajiita Khan kwa mapenzi ya sinema za Kihindi, na Machi 2021 akatoa albamu aliyoiita Definition of Love.

Nyumba hiyo nayo ilikuwa na bei yake. Msanii wa lebo kubwa akifanikiwa, watu husema amebebwa. Akishindwa, husema amebebwa na bado ameshindwa. Harmonize alikutana na maneno hayo tangu mwaka 2015 alipotoka na Aiyola, akiambiwa anaiga sauti ya bosi wake. Alipoondoka mwaka 2019 alisema hadharani kwamba kujitoa kulimgharimu Sh500 milioni. Rayvanny aliondoka mwaka 2022. Kila aliyetoka alimwongezea aliyebaki swali la kujibu: wewe unasubiri nini, au huwezi bila wao? Kwa mtu aliyewahi kuacha muziki kwa kudhani hawezi bila wenzake, sidhani kama lilikuwa swali jepesi.

Mwaka 2022 Mbosso aliwahi kueleza hadharani kwamba anaishi na tatizo la moyo la muda mrefu, ambalo humfanya mikono imtetemeke. Mtu anayemwona jukwaani ameshika kipaza sauti kwa mikono inayocheza anaweza kudhani ni hofu, au ulevi, au kitu kibaya zaidi, na mitandaoni kudhani kunatosha kuwa ushahidi. Kwa kusema mwenyewe aliwanyang'anya wabezaji kitu ambacho wangekigundua na kukitumia. Siti alifanya jambo la jamaa moja na hilo kuhusu sura yake.

Mapema mwaka 2025 naye aliondoka WCB, safari hii bila mvutano wa hadharani wa fedha, na kuanzisha lebo yake ya Khan Music. Miezi michache baadaye alitoa mkusanyiko wa nyimbo alioupa jina la Room Number 3, na ndani yake wimbo Pawa ukawa miongoni mwa nyimbo zilizosikika zaidi nchini mwaka huo. Wenye kubeza hawakukosa la kusema. Walisema bado anaimba mapenzi tu, kana kwamba mwenye duka la vitenge analaumiwa kwa kutouza misumari.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu aingie kwenye muziki kutoa kazi bila Mkubwa wala bosi juu yake, na bila sauti ya Aslay, Enock au Beka ya kumpokea kwenye kiitikio. Jina lililokuwa kwenye bango na jina lililokuwa la mwenye lebo yalikuwa ya mtu mmoja, na wimbo kama ungeanguka hapakuwa na wa kugawana naye.